Mkwaruzo Katika Gari la Mkate

Bwana Mkate hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenye maduka. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: alfajiri anapakia mkate bekari, asubuhi anausambaza madukani.

Gari lake lilikuwa na namna yake ya kubisha hodi. Bwana Mkate hakupiga honi, wala hakushuka kugonga mlango. Alifungulia muziki mpaka madirisha ya watu yakatetemeka. Wenye maduka wakisikia hivyo walitoka na trei zao.

"Wewe mzee, utaangusha ukuta wangu!" walimtania.

"Ukianguka nitakuletea mkate uuzibie," alijibu, na wote walicheka.

Gari lilikuwa na spika nne. Mbili zilikuwa milangoni. Mbili nyingine alizifunga mwenyewe nyuma ya viti, na moja kati ya hizo ilikaa karibu kabisa na sikio lake. Aliipenda hiyo kuliko zote. Alisema inamwondolea usingizi.

Kisha mke wake akafariki. Alikuwa akianua nguo uani, moyo ukasimama. Hakuugua, hakuaga. Mpaka majirani wanafika, kikapu cha nguo kilikuwa bado mkononi mwake.

Miezi minne ilipita. Bwana Mkate alirudi kazini, kwa sababu watu hula mkate hata wewe ukiwa msibani. Alifanya kazi, alisalimia, alikula akilazimishwa. Lakini alikuwa na siri. Ndani ya simu yake kulikuwa na jumbe kumi na tisa za sauti za mke wake. Kila asubuhi, kabla ya kuondoa gari, alichomeka waya wa simu kwenye redio na kusikiliza ujumbe mmoja.

Hazikuwa jumbe za mapenzi. Zilikuwa maneno ya nyumbani tu. Mmoja ulisema, "Wewe! Ukirudi pitia uzi wa binti yako! Mweusi! Nimesema mweusi, siyo bluu!"

Kwake zilikuwa mali. Shida ni kwamba sauti ilikwaruza. Maneno yalitoka yamechanikachanika, kama karatasi inayosuguliwa ukutani. Bwana Mkate aliongeza sauti, na ikakwaruza zaidi. Akafungua sehemu ya nyuma ya kiti ilipofungwa amplifaya, ile mashine inayozipa spika nguvu. Akakizungusha kitufe chake kidogo mpaka mwisho. Sasa gari zima likawa linakoroma.

"Zimekufa," alimwambia binti yake jioni hiyo. "Nitang'oa spika zote nne niweke mpya."

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Aliishi naye na kushonea watu nguo sebuleni. Alisimamisha cherehani.

"Ungemwonyesha Mama Spika kwanza, baba."

"Eh?"

"Mama Spika! Umwonyeshe kwanza!"

"Usinifokee," alisema Bwana Mkate. "Umekuwa kama mama yako."

Binti aliinamisha uso. Akakanyaga cherehani tena, ingawa kitambaa kilikuwa kimekwisha chini ya sindano.

Kesho yake, mkate ulipoisha garini, walienda pamoja. Mama Spika alikuwa fundi wa redio za magari. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, na spika mbovu zilipangwa ukutani hadi darini. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko sauti yake. Aliongea taratibu na kwa sauti ya chini, na mara tatu Bwana Mkate alimwambia, "Eh? Umesemaje, dada?"

"Nimesema, nataka kusikia ugonjwa kabla ya kutoa dawa," alirudia Mama Spika. "Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimeongeza sauti."

"Na ilipozidi kukwaruza?"

"Nikaongeza tena."

Mama Spika alimtazama Bwana Mkate, kisha akamtazama binti. Wote wawili wakashindwa kuzuia kicheko. Hata Bwana Mkate alitabasamu kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Sauti husafiri, kaka," alisema fundi akipanda garini. "Inatoka kwenye simu, inapita kwenye waya, inaingia kwenye redio. Kutoka hapo inaenda kwenye amplifaya, ndipo ifike kwenye spika. Wewe unataka kubadilisha spika, ambazo ziko mwisho wa safari. Mimi naanzia mwanzo. Hivyo hatununui kitu ambacho hakijaharibika."

Aliuchomoa waya wa simu. Akachomeka flashi yake yenye wimbo anaoujua vizuri. Alifungulia kwa sauti ya chini. Bado palikuwa na mkwaruzo.

"Basi si simu peke yake," alisema. "Sasa tuulize spika moja moja."

Redio ina sehemu ya kusukuma sauti upande mmoja. Mama Spika aliipeleka mbele kushoto, zile nyingine zikanyamaza. Safi. Akaipeleka nyuma kushoto. Safi. Nyuma kulia, pale karibu na sikio la dereva. Safi pia. Alipoipeleka mbele kulia, kwenye mlango wa dereva, ikakwaruza.

"Umeona? Umeokoa spika tatu," alisema.

Alizima gari. Kabla ya kugusa waya wowote alichomoa waya wa hasi kwenye betri, ili waya zisigusane na kuunguza kitu. Kisha akafungua kifuniko cha mlango. Skrubu mbili za spika zilikuwa zimelegea. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwa juu kupitia mpira wa dirisha uliochoka, na ukingo wa spika ulikuwa umechanika. Mama Spika aliweka vidole vyake pande zote na kuisukuma taratibu.

"Sikiliza."

Binti aliinama akasikia, kras, kras. Bwana Mkate naye aliinama. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, lakini macho yake yalikuwa yakimtazama binti, kuona yeye anafanyaje.

Fundi alitoa spika hiyo, akafunga nyingine ya ukubwa ule ule na nguvu ile ile. Alibadilisha na mpira wa dirisha, maana bila hivyo mvua ingerudi kuharibu kazi. Akarudisha waya wa betri na kufungulia wimbo. Kwa chini ulikuwa mzuri. Alipoongeza kidogo, spika zote nne zikaanza kukoroma kwa pamoja.

"Spika zote nne kwa mkupuo mmoja," alisema Mama Spika. "Hapo silaumu spika. Nalaumu kitu kinachozilisha zote." Akaangalia amplifaya nyuma ya kiti. "Nani amekizungusha kitufe hiki mpaka mwisho?"

"Mimi," alisema Bwana Mkate, kwa aibu ya mtoto aliyekutwa na kijiko cha sukari. "Nilitaka nguvu."

"Hiki si cha kuongezea sauti, kaka. Hiki kinapanga amplifaya ipokee kiasi gani kutoka kwenye redio. Ukikizungusha mpaka mwisho, unaitwisha mzigo usioweza kubebwa. Basi inakata vilele vya sauti. Mkwaruzo unaousikia ndio huo, sauti iliyokatwa vichwa. Na ukiendelea hivyo, spika zinapata moto mpaka zinaungua."

Alikirudisha kitufe mwanzo kabisa. Akaongeza sauti ya redio mpaka robo tatu. Kisha akazungusha kile kitufe polepole, akisikiliza. Mkwaruzo ulipoanza tu, akakirudisha nyuma kidogo. Akapunguza na besi, ambayo ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Mwisho akapunguza sauti ya redio, na wimbo ukajaa garini, kila chombo mahali pake.

"Safi!" alisema binti. "Baba, unasikia?"

Bwana Mkate alikuwa ameshakaa kiti cha dereva. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye waya wa simu. Wimbo haukumhusu. Alitafuta ujumbe wa uzi mweusi, akabonyeza.

"Wewe! Ukirudi pitia..."

Ilikwaruza. Ilichanika vile vile kama jana.

Uso wa Bwana Mkate ulisawijika. "Bado," alisema. "Dada, bado haijapona."

Mama Spika alisikiliza ujumbe huo mara mbili. Akautoa kwenye gari, akausikiliza kwenye simu yenyewe. Akausikiliza tena kwenye spika ndogo ya mezani. Kote ulikuwa hivyo hivyo.

"Kaka, pole," alisema, na sasa alimwangalia usoni ili asikie vizuri. "Hili siwezi kulitengeneza. Sauti hii iliharibika siku ile ile iliporekodiwa. Aliyeongea alishika simu karibu na mdomo na kupaza sauti sana. Simu ikazidiwa, ikakata vilele, kama ile amplifaya. Kilichokatwa pale hakipo tena. Hata spika za bei gani hazitakirudisha." Akamrudishia simu. "Ni nani huyu? Kwa nini alikuwa akipiga kelele hivi?"

Binti alikuwa amesimama kando ya gari, nyuma yao. Alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Eh?" alisema baba yake, akigeuka. "Umesemaje?"

Binti alirudia.

"Sema vizuri, mwanangu. Sikusikii."

"Baba, HUSIKII!" Neno lilitoka kwa nguvu mpaka wapita njia wakageuka. "Mama alikuwa anapaza sauti kwa sababu husikii! Miaka mitano sasa husikii! Mama alinikataza nisikwambie, akasema utaona aibu, utaacha kazi!"

"Usinif..." alianza Bwana Mkate. Hakulimaliza neno. Alijua ni neno gani, na alijua amelisema mara ngapi katika nyumba yake.

Mama Spika alizima redio. Hakuharakisha. Alimpa Bwana Mkate nafasi ya kupumua, kisha akafungulia wimbo wake tena, kwa chini.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini fundi hapimi spika na kusahau wapi safari inaishia. Inaishia sikioni. Ziba sikio la upande wa dirisha kwa kiganja."

Bwana Mkate alifanya hivyo. "Safi," alisema. "Sauti ndogo, lakini safi."

"Sasa liachie. Ziba hili lingine."

Alibadilisha mkono. Alisikiliza muda mrefu. "Inakwaruza," alisema mwishowe. "Na kuna mlio. Kama sufuria inayochemka."

"Mlio huo uko kwenye wimbo, dada?" binti aliuliza.

"Haupo," alisema Mama Spika.

Walirudi nyumbani. Lango lilikuwa wazi, lakini Bwana Mkate aliegesha nje na kubaki kwenye kiti. Binti naye hakushuka.

"Nilimwambia mama yako jambo," alisema Bwana Mkate. "Wiki ya mwisho. Nilimwambia, ukinifokea tena kwenye simu sitapokea. Ndiyo maana jumbe ni kumi na tisa. Siku sita za mwisho hakutuma hata mmoja. Nilimnyamazisha mwenyewe."

Binti alisogea karibu. Alimshika baba yake bega, wakalia wote wawili.

Siku mbili baadaye walikwenda hospitali, kwa mpimaji wa masikio. Alikuwa kijana mpole, aliyezoea kutazama watu usoni anapoongea. Kwanza aliangalia ndani ya masikio kwa taa. Alieleza kwamba wakati mwingine ni nta tu imejaa, au ni uchafu wa ugonjwa, na hayo yana tiba. Hakukuta kitu. Akamvalisha Bwana Mkate vipokea sauti na kumwomba anyanyue mkono kila akisikia mlio. Binti alikaa pembeni. Alihesabu mara ambazo mpimaji alibonyeza kitufe na baba yake asinyanyue mkono, kisha akaacha kuhesabu.

"Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana," alieleza mpimaji. "Ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa inavilaza. Ukivipumzisha, vingine huinuka. Ukivipiga kila siku kwa miaka, vinakufa. Na vikifa havioti tena."

"Miaka kumi na sita," alisema Bwana Mkate. "Spika ilikuwa hapa." Alionyesha kwa kidole.

"Hukuona dalili?"

"Niliona watu wameanza kunong'ona. Niliona redio zimekuwa dhaifu. Niliona mke wangu..." Alimgeukia binti yake. "Niliona mke wangu amekuwa mkali."

"Hizo ndizo dalili zenyewe, mzee. Na mlio baada ya kelele, na kusema 'eh' kila mara. Wengi hudhani dunia imebadilika, kumbe ni sikio."

"Ningekuja zamani je?"

Mpimaji hakumdanganya. "Tungeokoa mengi. Sasa tutalinda yaliyobaki. Hapa hakuna dawa ya kurudisha kilichokufa, lakini kuna kifaa cha kuvaa sikioni, kitakusaidia. Na ukiwa garini, weka sauti kiasi kwamba mtu wa kiti cha pili anaweza kuongea nawe bila kupaza yake. Ikizidi hapo, imezidi."

Kifaa kilichukua wiki kadhaa kupatikana. Katika wiki hizo Bwana Mkate aling'oa spika mbili za nyuma ya viti, akazipeleka kwa Mama Spika. Aliacha kubisha hodi kwa muziki. Alishuka akagonga milango, duka baada ya duka. Wenye maduka walimwuliza muziki umepotelea wapi.

"Umekula sikio langu," aliwaambia bila kuficha. "Na wewe unayechomeka vile vispika vidogo masikioni kutwa, punguza. Usinicheke, nenda ukapime." Mwenye duka mmoja alikwenda kweli. Na dereva mmoja wa bekari alihamisha spika yake kutoka nyuma ya kichwa. Wengine waliendelea kama kawaida, maana watu ni wagumu.

Nyumbani, binti alijifunza kumkaribia baba yake, kumgusa bega, na kuongea wakitazamana. Cherehani ilisimama kila walipozungumza. Nyumba ikapoa. Ilikuwa nyumba ile waliyoitaka wote watatu, ila mmoja wao alikuwa amekwenda kabla haijapatikana.

Kifaa kilipofika, Bwana Mkate alikivaa siku tatu akilalamika kwamba vijiko vina kelele. Siku ya nne, asubuhi, alipitia nyumbani akitoka kupakia mkate, na binti akapanda garini ili ashuke sokoni kununua vitambaa. Bwana Mkate alitoa simu yake kama kawaida.

"Baba, subiri," alisema binti. "Mama alikuwa ananitumia na mimi."

"Alikutumia nini?"

"Jumbe. Kwangu hakuwa anapaza sauti. Nilikuwa naogopa kukupa usikie. Kuna mmoja wa zile siku sita."

Bwana Mkate aliirudisha simu yake mfukoni. Kisha akampa waya. Binti aliuchomeka, akaweka sauti ya chini.

Sauti ya mke wake ilitoka spikani nzima, bila mkwaruzo wowote. Ilikuwa ndogo, imechoka kidogo, na haikuwa na haraka. Hakuwa ameisikia sauti hiyo ikitoka kwenye simu kwa miaka mitano.

"Mwanangu, baba yako hataki nimfokee. Nikisema polepole hasikii, nikipaza anaumia moyo. Na koo nalo linaniuma siku hizi. Lakini nikinyamaza atadhani nimemnunia. Basi nimeamua, nikiwa na neno nitamfuata hadi alipo, nimwambie pale pale sikioni. Atazoea tu. Wewe usimwambie kitu."

Ujumbe uliisha. Bwana Mkate alikumbuka siku zile sita. Alimkumbuka mke wake akitoka jikoni, akivuka ua mzima, akimshika bega na kumwinamia kumwambia tu kwamba maji ya kuoga yako tayari. Mara tano, mara sita kwa siku. Yeye alidhani ni mapatano baada ya ugomvi. Alikuwa amefurahi, akasema moyoni, afadhali amejirudi.

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Sikuwa nakusikia."

Binti alizima simu. Nyuma yao gari lilijaa harufu ya mkate wa moto. Aliuchomoa waya na kuukunja vizuri. Kisha, akitazama mbele barabarani, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Twende, baba. Mkate unapoa."

Bwana Mkate akawasha gari.